Mwambie mwenzako lebo yake imekwama wapi

"Nzuri sana, hongera." Mwenzako wa darasa la usanifu wa michoro aliyebandika kazi yake ukutani ukimwambia hivyo, ataondoka nayo ilivyokuja. "Ongeza rangi kidogo" ni mbaya zaidi, maana ataongeza kweli, bila kujua anatibu ugonjwa gani. Maoni yanayofaa yanaonyesha mahali penyewe, yanasema msomaji anakwama vipi hapo, kisha yanataja sababu. Dawa aitafute mwenye kazi.

Kwanza uliza: hii itakaa wapi, na itasomwa kwa umbali gani? Bango la Mwanjelwa, Mbeya, linalosomwa na abiria wa daladala huwezi kulihukumu kama pakiti iliyo mkononi mwa mnunuzi. Kuna kipimo cha haraka: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 inasomeka bila taabu mita 3, hivyo mita 30 zinataka sentimita 25. Kwa hiyo badala ya kusema "maandishi madogo", sema: "Kaka, namba ya simu ina sentimita 5 na bango litakuwa mita 30 kutoka barabarani. Mtu aliye ndani ya gari hataiwahi."

Kisha ionyesheni kazi kwa sekunde tano, ifunikeni, kila mmoja aandike alichokumbuka. Wote wakiandika "mlima" na hakuna aliyeandika jina la bidhaa, hotuba haihitajiki.

Tuchukue lebo ya kahawa ya Mbozi, pakiti ya gramu 250. Jina ni la kahawia, nyuma yake kuna kijani iliyokolea. Kwenye laptop linapendeza. Nenda steshenari utoe nakala ya nyeusi na nyeupe: jina limemezwa. Rangi zenyewe ni tofauti, lakini zina giza linalolingana, na jicho husoma herufi kwa tofauti ya giza na mwanga kuliko kwa rangi. Mnunuzi asiyetofautisha nyekundu na kijani ndiye atakayekwama kabla ya wengine. Hapo sema: "Dada, jina linapotea kwa sababu kahawia na kijani zina giza sawa. Mojawapo ipauke au ikolee." Hujamchagulia rangi, wala hujagusa ladha yake. (Na tafadhali, msibishane rangi mbele ya projekta. Kila projekta ina rangi zake.)

Kazi ikienda kuchapwa, kagua picha. Yenye pikseli 1080 kwa upana inatosha sentimita 9 tu kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha chapa safi. Ikitandazwa upana wote wa karatasi ya A3 iliyosimama, sentimita 29.7, inabaki na nukta kama 92 kwa inchi, na uso wa mkulima unavunjikavunjika. Kijani inayowaka kwenye skrini nayo hufifia kwenye wino, kwa kuwa wino hauwezi kutoa rangi zote za skrini. Kiroba cha mchele wa Kyela kina shida yake: nyuzi zilizofumwa hukata mistari myembamba, kwa hiyo suke la mpunga lililochorwa kwa kalamu nyembamba litatoka vipandevipande. Nembo ipunguzeni hadi sentimita 2 na rangi moja, maana siku moja itakuwa muhuri.

Mambo matatu kwa kazi moja yanatosha, makubwa yakitangulia. Kuhangaikia nafasi kati ya herufi wakati mpangilio mzima utavunjwa ni kupoteza muda wa watu.

Mwenye kazi naye anyamaze na kuandika. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa pale anayesema ni rafiki yake wa karibu. Akianza kueleza "hapo nilimaanisha mlima Rungwe", darasa zima litauona mlima hata kama haupo, na kasoro itakuwa imefichwa. Pakiti ikikaa rafuni hatakuwepo kuieleza. Aulize tu pale ambapo hajaelewa: "Unasema mstari upi?"

Mkiendelea kwenye grupu la WhatsApp, zungushia duara mahali unaposemea na uweke namba, maoni yafuate namba hizo. Faili litumwe kama dokumenti ya PDF. Likitumwa kama picha, WhatsApp hulibana, na mtaanza kulaumu ukungu ambao mwenzenu hakuuweka.