Hema, mchanga na mbung'o: safari yetu ya Tendaguru

Ukisema kempingi mtu wa Dar anawaza Mikumi au Serengeti, unalipa getini, unaonyeshwa pa kupiga hema, choo kipo, bomba lipo. Huku Lindi ndani ndani, upande wa Tendaguru, kilima kilikochimbwa mifupa ya dainosaria, hakuna geti, na lile pori unaloliona tupu lina wenyewe. Ndio maana kila anayeniuliza hivi hamkuogopa kulala kule namwambia tulilala kwa watu, tukaomba, tukapewa.

Tulitoka Mtwara alfajiri, mimi, dada na shemeji na gari yake ya mkonga, chai na vitumbua tukanywea Mingoyo, Lindi mjini tukajaza tanki na madumu ya maji. Mpaka hapo lami tu hakuna stori. Stori inaanza ukishaiacha lami.

Kiangazi mchanga wa njia zile unakuwa laini kama unga wa muhogo, gari inaogelea, usukani unaenda unakotaka wenyewe. Shemeji akashuka akapunguza upepo tairi zote nne, maana tairi ngumu inachimba shimo lakini ikilegea inatanuka na kupita juu juu, na bado tukanasa, gari ikalala na tumbo kabisa. Wakatokea vijana na baiskeli zao, hata salamu haijaisha wameshaanza kukata matawi na kuyasokomeza chini ya tairi. "Braza usikanyage sana mafuta, taratibu, taratibuuu!" Ikatoka. Tukawapa ya soda, mmoja akasema mngekuja masika msingefika hata hapa.

Halafu mbung'o. Jamani! Wanaikimbiza gari, ukifungua kioo kidogo tu wameshaingia, na wanang'ata mpaka kupitia jinzi. Dada alikuwa amevaa bluu nzito juu mpaka chini, na bluu na nyeusi ndio rangi wanazozipenda, hata mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mimi na kaki yangu niliumwa kidogo, yeye aliliwa haswa.

Kijijini unaenda kwanza kwa mwenyekiti. Usipige hema kwanza halafu ukatafutwe usiku na sungusungu, hapana. Tulimkuta mzee kakaa barazani, shikamoo, marahaba, mmetoka wapi, mnamfahamu nani huku, kitabu cha wageni tukasaini, ndipo akasema "wanangu, pigeni pale chini ya mwembe, chakula msiache nje, na mkisikia tembo usiku msitoke na tochi kwenda kumuangalia." Jioni mama mmoja akatuletea sufuria la ming'oko ya kuchemsha. Kwa wasioijua, ni mizizi ya porini, myembamba mirefu, unamenya ganda kwa vidole ikiwa bado ya moto, unachovya kwenye chumvi. Sisi tulibeba tambi za dukani. Hazikuguswa.

Asubuhi tukapewa mwenyeji wa kutupeleka kilimani. Niseme ukweli, ukienda Tendaguru kuangalia utarudi umenuna, ni kilima kifupi, nyasi, miti, basi. Lakini hapo ndipo Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walichimbisha mamia ya watu wetu, msimamizi wa mafundi akiwa Boheti bin Amrani, wakatoa mifupa ya dainosaria zaidi ya tani 200. Hakukuwa na gari. Ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Yule mkubwa kuliko wote yuko Berlin leo, kasimamishwa, kimo zaidi ya mita 13. Sisi na injini ya dizeli na fo-wili tumelialia njia nzima kuhusu mchanga, nikawa nawafikiria wale wazee na mfupa wa paja begani, peku.

Kuhusu kurudishwa kwa mifupa, mjadala umefika mpaka bungeni na kila mtu ana lake. La kwangu ni kwamba ningeanza na barabara. Leteni njia inayopitika masika, jengeni hata kibanda chenye picha na majina ya wale wachimbaji, wale akina mama wauze ming'oko yao kwa wageni, hayo ya Berlin yaendelee kujadiliwa huku watu wanakula. Na ukienda, vipande vya mifupa ukiviona chini viache hapo hapo, mwenyeji wetu alikuwa mkali sana kwenye hilo na nilimpenda kwa sababu hiyo.

Sasa tunaongelea Nachingwea kwenda Liwale. Shemeji kasema haendi bila tairi mbili za akiba na pampu ya upepo, na dada kashanunua nguo za kaki.