BBL ya Miami: mafuta yanawekwa tabaka gani?

Anayetaka kufanya BBL, yaani kutoa mafuta tumboni na kuyahamishia kwenye makalio, huuliza kwanza bei, kisha picha za kabla na baada. Swali zito kuliko hayo ni moja: ncha ya kanula, yaani mrija wa chuma wa kupitishia mafuta, itakuwa wapi wakati mafuta yanasukumwa? Miami ndiyo sehemu nzuri ya kulijibu. Kliniki za bei nafuu zimejaa pale, matangazo yao yanamfikia hata Mswahili aliyeko Minneapolis au Houston, na jimbo la Florida limelazimika kutunga sheria maalumu kwa ajili ya upasuaji huu mmoja.

Kazi huanza kwa kujaza maji ya dripu kwenye eneo litakalonyonywa mafuta. Kila lita 1 huchanganywa na adrenalini miligramu 1 na lidokaini miligramu 500 hadi 1,000. Adrenalini hubana mishipa ili damu isipotee. Lidokaini ni ganzi. Kikomo kinachofuatwa na wengi ni miligramu 35 za lidokaini kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 hufikia miligramu 2,450, yaani karibu lita 5 za mchanganyiko mwepesi, lakini lita 2 na nusu tu za ule mzito. Angalia saa pia. Dawa hii hufika kilele chake kwenye damu baada ya saa 8 hadi 14, mgonjwa akiwa ameshatoka kliniki. Ulimi ukifa ganzi, masikio yakivuma au akianza kuchanganyikiwa, piga 911 muda huohuo.

Kwa kliniki zisizo hospitali, kanuni za Florida haziruhusu kutoa zaidi ya cc 4,000 (lita 4) za mafuta, na cc 1,000 tu kama siku hiyohiyo anakazwa tumbo. Kliniki inayokuahidi vyote kwa wingi, kwa mkupuo mmoja, inakuahidi kuvunja kanuni.

Sasa tuje kwenye kinachoua. Chini ya ngozi ya kalio kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando mgumu, na chini ya utando kuna msuli. Ndani zaidi ya msuli hupita vena kubwa mbili, ya juu na ya chini, zenye kuta nyembamba na njia fupi ya kurudi moyoni. Kanula ikizichana huku mafuta yanasukumwa kwa nguvu, mafuta huingia kwenye damu, hupita upande wa kulia wa moyo na kuziba mapafu. Mara nyingi hutokea mgonjwa akiwa bado mezani: kaboni dioksidi ya pumzi hushuka ghafla kwenye monita, oksijeni hufuata, presha huanguka. Kumrudisha mtu kutoka hapo ni kazi ngumu mno.

Na usikubali maneno ya "tutaweka kidogo tu kwenye msuli". Mafuta yaliyosukumwa ndani ya msuli hupenya katikati ya nyuzi zake na kushuka kuelekea vena hizohizo. Yaliyowekwa juu ya utando hubaki juu.

Mwaka 2017, jopo la madaktari wa upasuaji wa urembo lilikadiria kifo 1 kwa takriban kila BBL 3,000, kiwango cha kutisha kwa upasuaji ambao mtu aliyeamka mzima anauchagua mwenyewe. Mwaka 2019 Florida ikapiga marufuku kudunga mafuta ndani ya msuli au chini yake. Vifo havikukoma. Kusini mwa Florida, kati ya 2010 na 2022, watu 25 walikufa kwa mafuta kuziba mapafu baada ya BBL, na 14 kati yao walikufa baada ya kanuni hiyo kuwepo. Wengi walifanyiwa kwenye kliniki za bei rahisi zenye foleni ndefu.

Kwa nini katazo peke yake halikutosha? Kwa sababu mkono haujui. Kalio ni duara, kanula ni fimbo iliyonyooka, na daktari hufanya kazi kwa kupapasa. Akiingilia kwenye mkunjo wa chini na kuelekea juu, kuinamisha mkono kidogo tu kunapeleka ncha kwenye msuli. Kanula nyembamba hupinda bila yeye kuhisi. Ndiyo maana hushauriwa iwe ngumu, yenye unene wa zaidi ya milimita 4. Hata pale inapounganishwa na mpini, ikilegea, hubadilisha uelekeo. Ongeza uchovu wa mtu aliye kwenye mgonjwa wake wa sita.

Ndiyo sababu amri ya dharura ya Juni 2022 iliweka kikomo cha BBL 3 kwa siku kwa kila daktari na kudai ultrasaundi, na sheria ya 2023 ikaongeza masharti: daktari amwone mgonjwa ana kwa ana angalau siku moja kabla, adunge mafuta mwenyewe, awe na mgonjwa mmoja kwa wakati, na aongoze kanula kwa ultrasaundi. Kwenye skrini utando ni mstari mweupe unaong'aa; ncha ikionekana juu yake, anasukuma. Isipoonekana, anasimama. Kwangu mimi hili ndilo sharti lisilo na mjadala. Uliza aina ya mashine, na nani anaishika wakati wa kudunga.

Kukaa juu ya utando kuna gharama yake: ngozi ndiyo inayoamua kiasi. Mafuta hupona pale tu yanapokuwa karibu na mshipa hai, milimita 2 hivi, kwa hiyo huwekwa matone madogo, kanula ikiwa inatembea. Bonge likirundikwa mahali pamoja, katikati yake hufa na kuacha uvimbe mgumu au mfuko wa mafuta yaliyoyeyuka. Tarajia asilimia 60 hadi 70 ibaki, na usihukumu shepu kabla ya miezi 3.

Baada ya hapo usikalie makalio kwa wiki 2 hivi, vaa nguo ya kubana wiki 6 hadi 8, na anza kutembea siku hiyohiyo, kwani damu kuganda miguuni ni hatari nyingine, hasa kwa anayerudi kwa ndege. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, nenda hospitali yenye chumba cha dharura, usirudi kliniki. Na kama ukoo wenu una keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, mwambie daktari kabla hajachora alama: matundu ni ya milimita chache, lakini huwa kadhaa, na kila moja linaweza kuota kovu.