Beseni limejaa madume, mayai yako kwenye majani

Watu wakipita kwenye nyanya zangu wakakuta beseni limejaa nondo waliokufa, hunipongeza: "Hongera, umewamaliza!" Huwa nacheka. Waliomo humo ni madume matupu, na dume hatagi.

Mtego wenyewe ni rahisi. Beseni la maji, na juu yake kichambo cha mpira kinachoning'inia kwa waya. Kichambo kimetiwa feromoni, harufu ileile anayoitoa jike wa kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, akitafuta mwenza. Dume huinusa kwa papasi zake, vile vipembe vyembamba vya kichwani, huifuata kwa kwenda kinyume na upepo, akifika hakuti jike. Anazungukazunguka pale mpaka anagusa maji. Sabuni kidogo iliyomo ndiyo inayomzamisha. Bila sabuni anaweza kuelea tu juu ya maji. Nyuki wala hawana habari na harufu hiyo, na kwangu hilo pekee linatosha kuipenda.

Lakini dume mmoja hupanda majike wengi. Ukinasa wengi na kubakiza wachache, hao wachache wanatosha kabisa. Tena kwa kantangaze kuna balaa jingine: watafiti wameona majike ambao hawajapandwa wakitaga mayai, na mayai yakaangua. Ndiyo maana simwamini anayeuza vichambo kama dawa. Kwangu beseni ni mlinzi wa zamu. Nondo hawa hupandana alfajiri, kwa hiyo nahesabu asubuhi. Idadi ikipanda ghafla, naacha kila kitu naenda kugeuza majani, nikitafuta mabaka meupe ambamo kiwavi amekula nyama ya jani na kuacha ngozi juu na chini. Dawa ikipigwa wakati huo, kabla hajaingia kwenye tunda, ina maana. Akishaingia, unapoteza dawa yako bure.

Kuna na njia ya kuijaza hewa yote feromoni ili madume wasijue jike yuko wapi. Marekani waliisajili mwaka 1978 dhidi ya funza mwekundu wa pamba. Inataka eneo kubwa. Kwenye kipande kidogo, majike huja kutoka kwa jirani wakiwa wameshapandwa.

Nikichoka kuhesabu humkumbuka Adolf Butenandt, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1959 feromoni ya kwanza kutambuliwa, ya nondo wa hariri. Ilimchukua miaka kama 20 na majike karibu 500,000. Mimi nalalamikia beseni moja.

Jambo moja kwa anayeanza: vaa glavu unaposhika kichambo, na usishike cha kantangaze kisha cha mdudu mwingine kwa glavu zilezile, harufu zitachanganyika. Na kichambo huishiwa harufu baada ya wiki nne mpaka sita. Beseni likiwa tupu baada ya hapo, usishangilie kabla hujabadilisha kichambo. Tarehe ya kukifungua mimi huiandika kwenye kigingi cha mtego, kwa wino usiofutika.