Sahara ya kijani: mstari wa uoto hatimaye umeshuka taratibu

Imekubali! Nina programu inayoiga jinsi Sahara, iliyokuwa ya kijani maelfu ya miaka iliyopita, ilivyogeuka jangwa, na jana usiku mstari wa uoto kwenye grafu yake umeteremka pole pole kuanzia miaka 6,000 iliyopita, bila lile poromoko lililokuwa likininyima usingizi. Naandika sasa hivi kabla sijagusa kitu kingine.

Mnaofuatilia mradi huu mnajua programu yenyewe ni ndogo. Ina kipande kimoja cha ardhi, mionzi ya jua ya majira ya joto inayopungua milenia hadi milenia, mvua ya monsuni na uoto. Mrejesho, yaani badiliko linalojiongezea nguvu lenyewe, ni ule wa mwanasayansi wa hali ya hewa Charney wa mwaka 1975: uoto ukipungua, mchanga mtupu unarudisha mwanga mwingi angani, mvua inakosekana, na uoto unazidi kupungua.

Shida ilikuwa moja tu. Mionzi inashuka kwa mteremko laini kabisa, lakini uoto unang'ang'ania juu, unang'ang'ania, halafu pu! uko chini. Nilipunguza nguvu ya albedo (kiasi cha mwanga ambacho ardhi inarudisha angani), poromoko likasogea tu mahali pengine. Nikaongeza kuyumba kwa mvua ya mwaka hadi mwaka, mstari ukatetemeka kisha ukaanguka vilevile. Nikapunguza albedo zaidi, na kweli poromoko likatoweka, ila Sahara nayo ikakataa kuwa kijani hata miaka 9,000 iliyopita. Hapo nilichoka kabisa, maana nguvu inayoiangusha ndiyo hiyo hiyo inayoiotesha.

Kungekuwa na ushahidi wa vumbi peke yake, ningeridhika na poromoko hilo. Mashapo ya kisima cha utafiti kiitwacho ODP 658C, yaliyochimbwa baharini nje ya Cap Blanc, Mauritania, yanaonyesha vumbi likiongezeka ghafla karibu miaka 5,500 iliyopita. Lakini Ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, linakataa. Kröpelin na wenzake walichapisha mwaka 2008 chavua kutoka kwenye mashapo yake, na humo miti ya kitropiki inapungua, nyasi zinatawala, kisha mimea ya jangwani inaingia, yote hatua kwa hatua.

Ni mchoro huo wa chavua ulionifungua macho. Kila kundi la mimea linaondoka kwa wakati wake, na mimi kwenye msimbo nina namba moja tu inayoitwa uoto. Nikaigawa: miti ya kitropiki, migunga, nyasi za Saheli, vichaka vya jangwani, kila kundi na kiwango chake cha chini cha mvua. Sasa miti ikiondoka, nyasi bado zimefunika mchanga, albedo haipandi kwa kishindo, na mvua haikatiki mara moja. Nikifuta nyasi peke yake, poromoko linarudi! Claussen na wenzake walishaonyesha mwaka 2013 kwamba wingi wa aina za mimea hubadilisha namna uoto unavyoporomoka, lakini kuliona jambo hilo kwenye laptopu yako mwenyewe ni raha ya aina yake.

Kuhusu zana, lahajedwali achaneni nalo kwa kazi ya mrejesho. Ukibadilisha kiwango kimoja unafukuzana na safu nzima. Lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya hesabu NumPy, faili moja, sekunde chache, basi. Na tafadhali, ramani za uoto msizipake rangi za upinde wa mvua. Zinachora mpaka mkali pasipo na mpaka wowote, wakati ukali wa mpaka ndio tunaoupima.

Mpango ulikuwa sasa nigawe eneo kwa latitudo, kwa sababu kaskazini ilikauka mapema kuliko kusini. Itasubiri, kwa sababu ng'ombe wameniteka akili. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, imejaa ng'ombe, na wataalamu hawakubaliani. Wright (2017) anasema huenda wafugaji waliharakisha ukame, Brierley na wenzake (2018) wanasema huenda waliuchelewesha. Nyasi ninazo tayari kwenye msimbo, kwa hiyo leo naongeza malisho juu yake kwa namna mbili: mifugo inayohama mvua inapopungua, na mifugo inayobaki palepale hadi nyasi ziishe.