Sheria ya Sensa Huanza Kwa Kuifunga Serikali

Sensa inapokaribia, swali linaloulizwa zaidi ni iwapo anayekataa kuhesabiwa ataadhibiwa. Katika nchi nyingi adhabu ipo, lakini kwa maoni yangu uzito wa sheria ya sensa hauko hapo, bali katika vifungu vinavyoizuia serikali kutumia majibu ya wananchi inavyopenda.

Mamlaka ya kuitisha sensa hayana utata mkubwa. Marekani iliyaweka katika Katiba yake, na tangu 1790 watu huhesabiwa kila baada ya miaka 10 ili viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa majimbo kulingana na idadi hiyo. Uingereza hutegemea sheria ya kudumu ya mwaka 1920, na kila sensa hutolewa amri yake.

Kutunza siri ndiko kugumu. Mkuu wa kaya analazimishwa kumweleza karani asiyemfahamu umri, kazi na uhusiano wa watu wanaolala nyumbani mwake. Kwa hiyo ni haki karani naye afungwe na kiapo. Nchini Marekani anayekataa kujibu hutozwa faini tu, ilhali mtumishi anayevujisha taarifa anaweza kufungwa hadi miaka 5, na huo, nadhani, ndio uwiano unaofaa. Sheria ya India ya mwaka 1948 imekwenda mbali zaidi, kwani kumbukumbu za sensa hazipokelewi mahakamani kama ushahidi, isipokuwa katika mashtaka yanayofunguliwa chini ya sheria hiyohiyo.

Mwaka 1983, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ya Magharibi ilisimamisha sensa iliyokuwa imekwisha kupangwa, kisha ikabatilisha vifungu vilivyoruhusu majibu kulinganishwa na daftari za wakazi na kupelekwa kwa mamlaka nyingine. Sensa ikafanyika mwaka 1987, chini ya sheria mpya.

Hata hivyo, kinga iliyotungwa na bunge huweza kuondolewa na bunge. Mwaka 1942, katikati ya vita, Bunge la Marekani lililegeza usiri wa sensa hadi 1947, na takwimu za mwaka 1940 zilikuwa zimetumika kubainisha maeneo walikoishi Wamarekani wenye asili ya Japani, ambao walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kambini. Ndiyo maana nikisoma sheria ya sensa, hutafuta kwanza kifungu kinachosema kwamba usiri wake unatangulia sheria nyingine yoyote, ikiwemo ya usalama.