Marahaba ya Caernarfon

Nilipopata kazi ya ustawi wa jamii Gwynedd, kaskazini mwa Wales, Wakenya wenzangu walionitangulia Uingereza waliniambia: Kiwelisi usijisumbue nacho, wote wanajua Kiingereza. Wanajua, ndiyo. Lakini sensa ya 2021 ilikuta karibu asilimia 64 ya wakazi wa Gwynedd wanazungumza Kiwelisi, na mzee akianza kusahausahau, mara nyingi Kiingereza ndicho kinachomponyoka mwanzo.

Nikajifunza usiku kwa programu ya simu. Matamshi nilijiona bingwa, mtoto wa Mombasa mie: dd yao ni dh ya dhahabu, ch yao ni kh ya kheri. Na maneno yao hugeuka mwanzoni kama ulimi unavyokuwa ndimi: pen ni kichwa, fy mhen kichwa changu, dy ben kichwa chako. (Ll ndiyo ilinitoa jasho. Weka ulimi kama unatamka L, kisha puliza.)

Siku ya kwanza naingia kwa bibi mmoja mjini Caernarfon, miaka themanini na ushei, kifuani nina beji ya rangi ya chungwa ya mwanafunzi wa lugha. Nikamwaga: "Sut wyt ti?" Bibi akanitazama kuanzia viatuni, akajibu kwa Kiingereza kikavu. Akaleta chai, akauliza: "Llefrith?" Mimi macho kodo. Maziwa nilifundishwa ni llaeth! Kumbe simu ilinipa Kiwelisi cha kusini. Na hilo lilikuwa dogo. Ti ni "wewe" ya watoto na marafiki; mtu mzima usiyemjua ni chi. Yaani mimi niliyelelewa kwa shikamoo nimemwendea bibi wa watu na "mambo vipi". Nilitamani ardhi inimeze.

Programu nikaifuta, nikajiunga na darasa la jioni la watu wa hukohuko; haikufika pauni mia.

Niliporudi kwa bibi nikaanza na "Sut dach chi?", nikaomba radhi, nikamweleza habari ya shikamoo na jibu lake. Akacheka hadi akakohoa. Kwa Kiingereza alikuwa amenijibu kila swali la fomu kwamba yuko sawa. Nikauliza yale yale kwa Kiwelisi changu cha kuokoteza. Kimya. Kisha: "Mae gen i ofn." Nina hofu, na wao husema ninayo, kama sisi. Aliogopa ngazi, usiku akilala kwenye kiti sebuleni. Yaliyofuata yalinipita kasi, nikamwita mwenzangu mzawa, tathmini tukaiandika upya kwa lugha yake.

Usingoje mtu aombe. Huko huitwa cynnig rhagweithiol: wewe ndiye unayemtolea lugha yake kwanza, kwa sababu mzee hataki kukusumbua. Na si wazee tu. Rafiki yangu anayesimamia watu wenye vifungo vya nje alikuwa na kijana aliyeonekana jeuri, "ndiyo", "hapana", basi. Alipoulizwa kwa Kiwelisi alizungumza saa nzima. Hata mahakamani Wales, sheria ya 1993 inamruhusu kusema Kiwelisi bila kudai kwamba Kiingereza hakijui.

Bibi kitanda chake kimeshushwa chini. Siku hizi nikibisha hodi, marahaba inatoka ndani kabla sijaamkia.