Nilivyopanga mistari ya import katika mradi mkongwe wa Python

Mstari wa import huleta moduli, yaani msimbo ulioandikwa kwingine, ndani ya faili yako. Python haijali ukianza na `import sys` au ukimalizia nayo, wala haikukemei ukirudia `import os` mara mbili katika faili moja. Ndiyo maana mradi ukipita mikononi mwa watu wengi, kile kichwa cha faili hugeuka vurugu: maktaba ya nje, moduli ya mradi wenyewe, maktaba sanifu (zinazokuja na Python yenyewe), kisha tena maktaba ya nje. Mradi niliokabidhiwa ulikuwa hivyo karibu kila mahali. Sura yenyewe ningeivumilia. Kilichonichosha ni migongano ya git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, kwa sababu kila mtu aliongeza mstari wake mwishoni mwa orodha ileile, na matawi mawili (kazi za watu zinazoendelea kando) yakikutana lazima mtu akae aamue. Orodha ikifuata alfabeti, nyongeza hutawanyika na migongano hupungua sana.

Kanuni ya kufuata haikuwa ya kubuni. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python ulioandikwa mwaka 2001, unataka makundi matatu yaliyotenganishwa kwa mstari mtupu: maktaba sanifu, maktaba za nje, kisha moduli za mradi. Kazi hiyo niliipa isort, chombo alichokianzisha Timothy Crosley mwaka 2013. Sikukiruhusu kiguse chochote kwanza. `isort --check-only --diff .` huonyesha tu kinachotaka kubadilishwa, na kusoma orodha ile ndefu ndiko kulikoniokoa.

Jambo la kwanza kuonekana: moduli zetu wenyewe zilikuwa zimewekwa kundi la maktaba za nje. isort hukisia kipi ni cha nyumbani kwa kutazama folda ya mradi na folda iitwayo `src` ndani yake. Isichokitambua hukihesabu kuwa cha nje. Msimbo wetu ulikaa kwenye folda yenye jina jingine, kwa hiyo nikaitaja katika `src_paths` ndani ya `pyproject.toml`, faili ya mipangilio ya mradi. La pili ni Black, chombo cha kunyoosha mwonekano wa msimbo, ambayo tulikuwa tunaitumia tayari. Black huvunja mistari mirefu kwa namna yake, isort kwa namna yake, na ukiviacha vivyo hivyo kila kimoja kitatengua alichofanya mwenzake. Mstari mmoja, `profile = "black"`, humaliza ugomvi huo.

Sehemu iliyohitaji akili ni ile mistari ambayo nafasi yake ina kazi. Mfano ulikuwa huu:

import mazingira
import tensorflow as tf

`mazingira` ni moduli yetu. Ikiitwa, huweka `TF_CPP_MIN_LOG_LEVEL`, kigeu kinachopunguza ujumbe, na tensorflow, maktaba ya kujifunza kwa mashine, hukisoma kigeu hicho wakati wa kupakiwa. Kwa kanuni ya makundi, tensorflow ni ya nje, hivyo isort huipandisha juu. Programu inaendelea kukimbia, majaribio yanapita, ila terminali inafurika ujumbe ambao mtu aliunyamazisha kwa makusudi. Ukiweka maoni `# isort: split` kati ya mistari hiyo miwili, isort huchukulia kuwa kundi limeishia hapo na haivushi kitu. Mimi nilipendelea zaidi kuiacha `mazingira` iwe na funkisheni, nikaiita waziwazi kabla ya kuleta tensorflow. Tangu toleo la 5, isort haivushi import juu ya msimbo wa kawaida isipokuwa umewasha `float_to_top`, na msomaji anaona mara moja kwamba kuna jambo linafanyika pale.

Kupanga ni kitu kimoja. Kufuta ni kingine kabisa, nami nilivitenganisha katika komiti mbili, yaani mabadiliko mawili yaliyohifadhiwa kando kwenye git. isort haifuti import zisizotumika. Kwa hilo kuna autoflake, na nampongeza aliyeamua kwamba bila kuambiwa zaidi ifute za maktaba sanifu tu, kwani moduli nyingine hufanya kazi kwa kule kuitwa tu. Kwetu palikuwa na mstari wa `import` ndani ya `ready()` ya Django (mfumo wa kujengea tovuti), unaoleta faili yenye vipokezi vya ishara, yaani funkisheni zinazoitwa tukio fulani likitokea. Jina lile halitumiki popote tena, kwa hiyo kwa chombo chochote ni takataka. Ukiliondoa, hakuna kosa litakalotokea. Vipokezi havitasajiliwa, na siku moja mtu atauliza mbona barua pepe haziendi. Nilitafuta kila faili yenye `@receiver`, nikaangalia nani anaileta, nikaweka `# noqa: F401`, maoni yanayoambia chombo kisiiguse import hiyo isiyotumika, pamoja na maelezo mafupi ya sababu. Faili za `__init__.py` nazo hukusanya majina ili wengine wayachukue hapo. Hizo nilizipa `__all__`.

Wenzangu waliogopa jambo moja: `git blame`, amri inayotaja aliyebadilisha kila mstari mara ya mwisho, ingeonyesha jina langu kwenye kichwa cha kila faili. Git 2.23 ya mwaka 2019 ilileta dawa. Niliandika namba ya komiti ya kupanga katika `.git-blame-ignore-revs`, na kila mmoja akaielekeza `blame.ignoreRevsFile` kwenye faili hiyo. Kabla ya kuunganisha niliomba matawi yaliyokuwa wazi yamalizwe kwanza, maana kupanga upya chini ya miguu ya mtu anayeandika ni uchokozi.

Sasa tumehamia Ruff, chombo kimoja cha kukagua na kunyoosha msimbo, iliyoandikwa kwa Rust, na kasi yake inafanya usisite kuiendesha kila unapohifadhi faili. Inafanya kazi ya isort kwa kanuni zinazoanza na I, na hutambua zisizotumika kwa F401. Jihadhari na jambo moja linalowapoteza wengi: `ruff format` haipangi import. Lazima uendeshe `ruff check --select I --fix` kando. Kwetu amri hiyo iko ndani ya pre-commit, inayojiendesha kabla ya kila komiti, na kwenye seva ya majaribio tumeiweka bila `--fix`, ili ikatae tu na mwenye msimbo arekebishe mwenyewe.